Priampu na kiigaji cha boksi: istilahi za sauti ya gitaa la besi

Maana

Priampu ya besi (nomino, ngeli ya I-ZI) ni kikuza sauti cha awali. Hupokea mawimbi dhaifu ya umeme kutoka kwenye gitaa la besi, huyakuza hadi kiwango kinachofaa vifaa vinavyofuata, na huyapa ladha yake. Ikiundwa kwa umbo la kisanduku kinachokaa sakafuni na kuwashwa kwa mguu, huitwa pedali ya priampu.

Kiigaji cha boksi (ngeli ya KI-VI) ni kifaa kinachoyachuja mawimbi hayo ili yasikike kana kwamba yamepita katika boksi la spika na kunaswa na maikrofoni. Kazi hiyo yaweza pia kufanywa na programu ya kompyuta.

Vinavyofanya kazi

Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, yaani hezi 41. Pamoja na mtetemo huo wa msingi huzaliwa mingine ya kasi zaidi, na uwiano wa mitetemo hiyo ndio unaoipa sauti ladha. Vitufe vya priampu hubadilisha uwiano huo: besi hugusa sauti za chini, midi za kati na trebo za juu. Kitufe cha mkwaruzo hukuza mawimbi kupita kiasi hadi vilele vyake vikatike. Hapo huongezeka mitetemo mipya ya juu.

Boksi la spika nalo huchuja. Spika kubwa za besi zisizo na twita hupunguza sana sauti zinazozidi hezi 4,000 au 5,000 hivi. Ndiyo maana mkwaruzo unaopendeza mbele ya boksi hugeuka mlio wa nyigu ukipelekwa moja kwa moja kwenye mikisa. Kiigaji hurudisha uchujaji uliokosekana. Kile cha saketi huiga mwenendo wa jumla wa boksi. Kile cha kidijiti mara nyingi hutumia faili la mwitikio, yaani kumbukumbu ya jinsi boksi fulani, likiwa na maikrofoni fulani mahali fulani, lilivyoitikia mshtuko mmoja mfupi wa sauti.

Sababu moja ya vifaa hivi kupendwa ni uzito wa vile vinavyoigwa. Amplifaya ya Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969, ilikuwa na nguvu ya wati 300, na boksi lake lilibeba spika nane za inchi 10. Mwaka 1989 kampuni ya Tech 21 ya New York ilitoa pedali iitwayo SansAmp. Jina hilo linaanza na neno la Kifaransa lenye maana ya “bila”, yaani “bila amplifaya”. Hata hivyo, boksi si sharti. Katika studio ya Motown mjini Detroit, miaka ya 1960, besi ya James Jamerson ilirekodiwa mara nyingi kwa kuunganishwa moja kwa moja na mitambo ya studio.

Tofauti za kuzingatia

*Kipaza sauti.* Neno hili hutumika kwa maikrofoni na kwa spika, na wengine hulitumia hata kwa amplifaya. Katika mwongozo wa pedali utata huo ni hatari. Msomaji anayeambiwa “unganisha kipaza sauti na pedali” anaweza kuchukua waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika, wenye umeme mkubwa, akauchomeka mahali pa kuingizia mawimbi dhaifu na kuunguza kifaa. Inafaa mfasiri ataje kila kimoja kwa jina lake: maikrofoni, amplifaya, spika.

*Toni.* Katika isimu, toni huhusu kupanda na kushuka kwa kidatu. Pedali ya priampu haibadilishi kidatu: noti hubaki ileile, ila husikika nene, kavu, yenye kung’aa au yenye kukwaruza. Kwa wasomaji wa isimu, “ladha ya sauti” hueleweka vyema zaidi. “Ubora wa sauti” hauleti maana hiyo, kwa kuwa hudokeza kuwa sauti moja ni njema na nyingine ni mbovu.

*Besi.* Neno hili ni jina la ala, ambayo katika muziki wa dansi wa Tanzania huitwa pia gitaa zito. Ni sauti ya chini ya wanaume katika kwaya. Na ni kitufe cha sauti za chini. “Ongeza besi” humwacha fundi mitambo njia panda. “Ongeza sauti ya gitaa la besi” na “ongeza kitufe cha besi” ni maagizo mawili tofauti.

*Boksi, kabati.* Wanamuziki husema boksi la spika. Kabati ni la nguo au vyombo, na “kabati la spika” humpeleka msomaji kwenye samani.

*Kuiga, kuigiza.* Kuiga ni kufanya kama kingine kifanyavyo. Kuigiza ni kucheza nafasi ya mtu mbele ya watazamaji. Kifaa huiga, hakiigizi. Kwa hiyo ni kiigaji, na kazi yake ni uigaji.

Mfano wa tafsiri

Yenye utata: “Zima kiigizo unapotumia kipaza sauti.”

Iliyo wazi: “Zima kiigaji pedali inapounganishwa na amplifaya yenye boksi lake, kiwashe pedali inapounganishwa moja kwa moja na mikisa.”

Sentensi ya kwanza yaweza kueleweka kinyume, kwa kuwa spika za ukumbini nazo huitwa vipaza sauti. Mpigaji aliyeunganishwa na mikisa atazima kiigaji pale anapokihitaji, na mlio wa nyigu utasikika ukumbi mzima. Akikiwasha mbele ya boksi halisi, sauti huchujwa mara mbili na kusikika kama imefunikwa blanketi. Sentensi ya pili inataja kifaa kilichopo mwisho wa waya, nacho ndicho kinachoamua.