SANDUKU LA CHAMA: FEDHA ZA MWAKA ZA VYAMA VYA KUSAIDIANA KATIKA MIJI YA KONGO

Wahenga wamesema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii ndiyo msingi wa kila chama: mmoja mmoja atoe kidogo, na mwisho wa mwaka kidogo hicho kiwe kingi. Lakini methali yachukulia kwamba kibaba hakivuji. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi vyama vya miji yetu vilivyolazimika kubadili hesabu zao za mwaka, kwa kuwa kibaba chenyewe, yaani fedha ya nchi, kilikuwa kinavuja.

Tuanze na asili. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910, na wengi waliofanya kazi katika shaba walitoka mbali. Aliyefariki kambini hakuwa na ukoo karibu wa kumzika. Ndipo watu walipounda vyama vya kusaidiana, vingine vya kabila, vingine vya ngoma, kama vile Mbeni, iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki ikaenea bara hasa baada ya vita vya 1914-1918. Baadaye, huko Léopoldville, wanawake nao walikuwa na vyama vyao vilivyoitwa muziki. Mavazi na majina yalitofautiana, lakini hesabu zilifanana. Mapato yalikuwa kiingilio, mchango wa kila mwezi na faini. Matumizi yalikuwa sare, karamu na, zaidi ya yote, matanga. Kilichobaki kilifungiwa sandukuni kingojee mwaka ujao.

Desturi hii ilihitaji jambo moja: fedha ya Desemba iwe na nguvu ileile iliyokuwa nayo Januari. Mwaka 1967, zaire ilipochukua nafasi ya faranga, zaire 1 ilikuwa sawa na faranga 1,000, na thamani yake ilikuwa dola 2 za Marekani. Mtunza fedha wa wakati huo hakuwa na sababu ya kuliogopa sanduku lake.

Hofu ilikuja kwa amri. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, serikali ilitangaza kuondolewa kwa noti za zaire 5 na zaire 10. Siku za kuzibadilisha zilikuwa chache, na kiasi kilichokubaliwa kilikuwa na mpaka. Chama kilichofunga mwaka wake kwa kufuata kalenda kilikutwa na akiba nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Aliyetunza vizuri ndiye aliyepoteza zaidi.

Baadaye hapakuhitajika amri tena. Bei zenyewe zilitosha. Mwaka 1993 ilitolewa zaire mpya, iliyolingana na zaire za zamani 3,000,000. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea kutumia noti za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, sawa na zaire mpya 100,000. Msomaji apige hesabu: faranga moja ya 1998 ilimeza zaire za zamani 300,000,000,000.

Je, chama kingefunga vipi hesabu za mwaka? Jibu lilikuwa katika likelemba. Tuchukue mfano wa watu kumi na wawili: kila mwezi wote hutoa kiasi kimoja, na mmoja hupokea chote. Mwaka ukiisha kila mmoja amepata zamu yake, na fedha hazikulala sandukuni hata usiku mmoja. Hata hivyo, bei zikipanda, wa kwanza hupokea gunia na wa mwisho hupokea debe, ingawa idadi ya noti ni ileile. Kwa hiyo zamu, ambayo ilikuwa suala la adabu tu, ikawa suala la haki. Dawa yake ni kufupisha mzunguko uwe wa juma au wa siku, au kuhesabu mchango kwa dola au kwa bidhaa.

Tusidhani, lakini, kwamba hapakuwa na hasara. Likelemba humfaa anayeweza kutoa. Kifo hakingoji zamu. Sanduku la zamani liliweza kumzika hata aliyefariki katika mwezi ambao wenzake wote hawakuwa na kitu. Na mwezi wa namna hiyo ulifika: shaba ya Gécamines ilishuka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, katikati ya miaka ya 1980, hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1994, na familia nyingi za Katanga zikakosa mshahara kwa pamoja. Mchango wa matanga ukabaki kukusanywa siku ileile ya kilio, kwa kadiri ya mifuko ya waliokuwapo.

Kwa hiyo historia ya fedha za vyama vyetu haiwezi kuelezwa kwa kusema kwamba watu hawakujua kuweka akiba. Walijua, wakaweka, wakanyang'anywa. Kukosekana kwa salio katika daftari la mwaka si alama ya uzembe. Ni alama ya watu waliojifunza kutunza mali yao kwa wenzao, baada ya sanduku kushindwa kuitunza.