Karatasi za McMillan na Mwanga Unaofichua Kuvu

Mwaka 2031 Maktaba ya McMillan, katikati ya jiji la Nairobi, itatimiza miaka 100. Simba wake wawili wa mawe wangali langoni. Cha kuhofia ni karatasi kuukuu zilizo ndani, katika jiji linalolowa kila masika.

Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, aliyefariki 1925. Shirika la Carnegie la Marekani lilichangia. Mwaka 1938 ikatungiwa sheria yake maalumu. Lakini ilikuwa maktaba ya Wazungu. Kwa takriban miaka thelathini Mwafrika alipita nje, akawatazama simba, akaendelea na safari yake. Kodi alitoa, kitabu hakukigusa. Magazeti ya walowezi yaliyomjadili yeye na ardhi yake yalisomwa na wengine. Mwaka 1962 Halmashauri ya Jiji ikaichukua maktaba. Kwa hiyo kila ukurasa utakaoachwa uoze utakuwa dhuluma ya pili: kwanza tulinyimwa kuusoma, kisha tukauacha uliwe.

Kuvu hulitangulia jicho. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, viini vyake huamka na kutoa vimeng'enya vinavyovunja selulosi, ambayo ndiyo nguvu ya karatasi. Doa la kahawia likionekana, huenda karatasi imekwisha kudhoofika.

Hapo ndipo spektroskopia, yaani uchunguzi wa vitu kwa mwanga, inapofaa. William Herschel aligundua miale ya infraredi mwaka 1800, C. V. Raman wa India akaonyesha mtawanyiko wa mwanga unaobeba jina lake mwaka 1928, miaka mitatu kabla ya McMillan kufunguliwa. Leo karatasi inaweza kupimwa bila kukatwa hata kipande. Infraredi huonyesha selulosi iliyoharibika na protini za kuvu, mbinu ya Raman hutambua rangi za doa, na chini ya urujuanimno baadhi ya madoa hung'aa kabla hayajaonekana kwa macho.

Kwa upande wa majengo, shirika la Book Bunk, lililoasisiwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekarabati maktaba za Kaloleni na Makadara. Ni kazi ya kupongezwa.

Kaunti ya Nairobi nayo isingoje sherehe za 2031: iweke vipimo vya unyevu katika kila chumba cha vitabu, ikague mapaa kabla ya masika, na iombe vyuo vikuu vyenye mashine za spektroskopia vije kupima karatasi. Nawe msomaji wa Kenyatta Market au Ngumo mwenye magazeti ya zamani, yainue kutoka sakafuni leo.