Mbwa Anayeanguka Kisha Akainuka: Historia Fupi ya Sukari ya Damu



Kuanzia Kishapu hadi machimbo ya Geita, mbwa wa zizi akitetemeka, miguu ya nyuma ikalegea, akaanguka, kisha akala na kuinuka mzima, watu husema amerogwa au amekunywa maji ya kuoshea dhahabu. Wengine humuua palepale. Lipo jibu jingine, nalo lilianzia kwa mbwa mwenyewe.

Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari. Ukichinja mbuzi utaliona kongosho: kinyama kilichopauka, kimejibana kati ya tumbo na utumbo mwembamba. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata kutoka kongosho la mbwa dawa ya kushusha sukari: insulini. Januari 1922 ilidungwa kwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Kwa miaka mingi baadaye, insulini ya wagonjwa ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe wa machinjioni.

Dozi ilipozidi, wagonjwa walitetemeka na kuzimia. Madaktari wakakumbuka watu wenye dalili hizohizo ambao hawakuwahi kudungwa. Mwaka 1927, katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, mgonjwa mmoja alikutwa na uvimbe wa kongosho uliokuwa ukimwaga insulini bila kipimo. Mwaka 1929 Roscoe Graham wa Toronto aliukata uvimbe wa aina hiyo, mgonjwa akapona. Mwaka 1935 uvimbe huo ukaelezwa kwa mbwa. Leo huko Marekani unawapata sana fereti wanaofugwa majumbani, wanyama wadogo wa jamii moja na kicheche na nyegere.

Kwetu, usianze na uvimbe. Shinyanga ndiko C.F.M. Swynnerton alikoongoza utafiti wa mbung'o enzi za Mwingereza, na vimelea vya nagana vinavyoletwa na mbung'o huishi kwa kula sukari ya damu. Mbwa huugua nagana vibaya. Watoto wa mbwa huishiwa sukari kwa njaa na minyoo. Uvimbe fikiria kwa mbwa mzee anayeanguka mara kwa mara, hasa akiwa na njaa au baada ya kukimbia.

Fanya hivi:

1. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa na mate au kung'ata, usimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite daktari wa mifugo.
2. Asiye na dalili hizo, mpake asali kidogo kwenye fizi. Usimmiminie maji mdomoni akiwa amezimia. Akiinuka, mpe chakula.
3. Usimpe sukari kila siku. Kama ana uvimbe, sukari huuchochea kumwaga insulini zaidi, naye ataanguka tena.
4. Mlishe kidogo kidogo mara nne kwa siku, dagaa au nyama, si ugali mtupu.
5. Omba apimwe sukari na vimelea vya damu. Sukari chini ya 3.3 pamoja na dalili hizo ni ushahidi.

Mbwa ndiye aliyeufundisha ulimwengu kazi ya kongosho. Kabla ya kushika rungu, au kumnyooshea bibi wa jirani kidole, mpime kwanza.