Kungwi, Askofu na Ushauri Nasaha

Leo tushuke kusini. Ukiingia darasani pale Chuo cha Ustawi wa Jamii Kijitonyama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, utasikia stadi za ushauri nasaha: kusikiliza, kutunza siri, kutomhukumu aliyekuja na shida yake. Jina la Mmarekani Carl Rogers halikosekani, na kitabu chake cha 1942. Sawa kabisa. Ila Masasi na Newala swali la nani amshauri kijana, na amshauri vipi, liliwatoa watu jasho kabla Rogers hajajulikana.

Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wakakuta jando na unyago kwa Wamakua na Wayao, na kule juu Newala kwa Wamakonde. Wengi wakaona ni upagani mtupu. Tatizo ni kwamba kijana asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto hata akiota ndevu, kwa hiyo wazazi Wakristo waliwapeleka watoto wao kimya kimya. Marufuku ya nini tena?

Padri mmoja Mwingereza, Vincent Lucas, akaona hivyo. Yeye ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, 1926 hadi 1944. Badala ya kupiga marufuku, jando likapewa sura ya Kikristo: kumbi ikabaki porini, wazee wakabaki walimu, lakini padri akakaa na wari, sala zikawepo na tohara ikafanywa kwa usafi. Mwaka 1927 Lucas akaandika makala kuwaeleza wenzake wa Ulaya kwamba jando ni elimu. Kwa zama zile za ukoloni, hilo halikuwa jambo dogo.

Mimi simsifii moja kwa moja. Kipi kibaki na kipi kitupwe, mwenye sauti kubwa alikuwa Mzungu. Halafu tusidanganyane, jandoni mwari hasikilizwi sana. Anafundishwa, kwa nyimbo na mafumbo, na kazi yake ni kushika.

Patamu ni upande wa wasichana, malango. Huko mpango wa misheni ulikwenda kwa shida zaidi. Padri mwanamume angeingiaje? Na mwanamke wa Kizungu ambaye hajachezwa, kungwi amwambie siri za wanawake kwa lipi? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala na kamera ya sinema na fonografu, akanasa ngoma na nyimbo. Yanayosemwa ndani, mlango ukishafungwa, ni habari nyingine. Hapo kwenye kutunza siri, kungwi angeweza kumfundisha ofisa yeyote wa ustawi.

Lakini siri hiyo hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Siku hizi wasichana wengine huchezwa wakiwa bado shule ya msingi, mara nyingi wakati wa likizo, na walimu hulalamika kwamba wakirudi darasani wanajiona watu wazima. Binti wa miaka kumi akifundwa mambo ya mume, nani atamuuliza yeye anaogopa nini? Ofisa ustawi anaweza. Ila binti hamjui ofisa huyo. Anamjua kungwi wake.

Hebu tazama na maneno yenyewe. Nasaha ni maonyo mema kutoka kwa mkubwa, na hiyo kungwi anayo tele. Shauri asili yake ni watu kukaa pamoja na kujadiliana, kila mmoja akiwa na sauti. Kitabu cha darasani kinamkataza mshauri kumpa mteja jibu. Sasa mama aliyeshuka na kupanda makorongo ya Newala nusu siku kufuata ofisi ya ustawi, ukimrudishia swali lake mwenyewe, atakuona umesoma au utaonekana unamkwepa? Mlioko kazini huko, tuambieni mnafanyaje.