Bi Harusi wa Karachi

Sisi wapenda harusi tunaikumbuka ya Benazir Bhutto, Karachi, Disemba 1987. Posa ilipangwa na wazee, kama zetu wengi. Ila baba hakuwepo kumwoza bintiye: Jenerali Zia ul-Haq alimpindua 1977, akaahidi uchaguzi ndani ya siku 90, kisha Aprili 1979 akamnyonga.

Disemba hiyo Wasovieti wakaingia Afghanistan, na Marekani ikamhitaji Zia. Mwaka 1981 akaahidiwa dola bilioni 3.2, yeye ambaye hakuchaguliwa na mtu. Halafu tunaambiwa Uislamu ndio unaozuia kura!

Zia akafa ajali ya ndege Agosti 1988. Septemba Benazir akajifungua mtoto wa kiume, Novemba chama chake kikaongoza kwa viti, na tarehe 2 Disemba, akiwa na miaka 35, akaapishwa Waziri Mkuu. Wapo masheikh waliosema mwanamke hafai. Waislamu wenzao walikuwa wameshapiga kura. Lakini Waziri wa Mambo ya Nje akabaki yule yule wa Zia, na vita vya Afghanistan vikabaki mikononi mwa jeshi.