Mashine ya kukata karatasi inapokataa kuungana na simu au tarakilishi

MTEJA amelipa arbuni, kadi za harusi zinatakiwa Jumamosi asubuhi, karatasi imebandikwa kwenye mkeka na kisu kimo mahali pake. Ghafla programu katika tarakilishi inatangaza kwamba hakuna mashine iliyopatikana. Mashine yenyewe iko mezani, taa yake inawaka, lakini tarakilishi haiioni.

Hali hiyo huwakumba wengi wanaotumia mashine ndogo za nyumbani za kukata kadi, stika na nembo za fulana. Baadhi yao hukata tamaa wakaamini kwamba mashine imekufa, wakaanza kutafuta pesa za kununua nyingine. Wengine hufuta kila kitu katika simu na tarakilishi, kisha wakashindwa kujua ni hatua gani iliyosaidia na ipi iliyoharibu.

Ilhali mashine yaweza kuwa nzima kabisa. Mawasiliano kati yake na tarakilishi hutegemea mambo manne: umeme, mawimbi ya redio, ruhusa na programu. Likikosekana moja, kazi husimama. Anayeyakagua kwa utaratibu, moja baada ya jingine, hutambua palipo na kasoro kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Kujua aina ya mashine

Miongoni mwa mashine zinazojulikana sana ni Cricut na Silhouette, za kampuni za Marekani, pamoja na ScanNCut ya kampuni ya Brother ya Japani. Zote zina uwezo wa kufuata mchoro uliotayarishwa katika programu na kukata kwa kisu kulingana na mstari. Zinatofautiana katika njia ya kupokea mchoro huo.

Mashine nyingi za Cricut zinazotumika sasa huongozwa na programu iitwayo Design Space, na hupokea amri kwa njia ya Bluetooth au kwa waya wa USB. Cricut Joy, iliyotolewa mwaka wa 2020, haina tundu la USB na hutegemea Bluetooth pekee. Kwa upande mwingine, Cricut Explore ya kwanza na Explore One hazikuundwa na Bluetooth ndani yake. Huhitaji kidude maalumu kinachochomekwa kwenye mashine.

Anayenunua mashine iliyokwisha kutumika hana budi kuwa mwangalifu zaidi. Mashine za zamani za Cricut zilizotumia katriji za michoro haziwezi kuunganishwa na Design Space hata kidogo. Programu iliyozihudumia, iliyoitwa Craft Room, ilifungwa mwaka wa 2018. Hakuna fundi anayeweza kuitafutia mashine ya aina hiyo Bluetooth ambayo haikupewa kiwandani.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni tofauti baina ya Bluetooth na intaneti. Bluetooth ni njia ya mawimbi mafupi kati ya mashine na kifaa kilicho karibu nayo. Intaneti huhitajika na programu ili kuingia katika akaunti na kufungua michoro. Hivyo basi, mtu anaweza kuwa na intaneti ya kasi na bado mashine isionekane. Vilevile mashine inaweza kuwa imeunganishwa barabara lakini programu ikakwama kwa kuwa salio la data limekwisha. Ujumbe ulioandikwa kwenye kioo usomwe wote, maana ndio unaoeleza ni lipi kati ya hayo mawili lililokosekana.

Jaribio la waya

Kwa mashine iliyo na tundu la USB, hatua ya kwanza ni kuiunganisha na tarakilishi kwa waya. Jaribio hilo huchukua dakika chache na hutoa jibu kubwa. Iwapo mashine itakata vizuri kwa waya, basi injini, kisu na programu ni vizima, na kasoro imo katika Bluetooth pekee. Ikiwa haitambuliki hata kwa waya, mtumiaji ajaribu tundu jingine la tarakilishi, kisha waya mwingine. Ziko nyaya zinazopitisha umeme wa kuchaji tu bila kupitisha data, na kwa macho hazitofautiani na nyinginezo.

Faida ya pili ya waya ni kwamba kazi ya mteja inaweza kumalizika usiku huohuo. Tatizo la mawimbi lisubiri hadi kadi zitakapokabidhiwa mwenyewe. Mwenye Cricut Joy, ambaye hana tundu la USB, atumie simu au tarakilishi nyingine badala ya waya. Ikiunganika na kifaa hicho cha pili, mashine haina kosa.

Umeme

Mashine izimwe, waya wa umeme uchomolewe, na baada ya muda mfupi irudishwe na kuwashwa tena. Simu au tarakilishi nayo izimwe na kuwashwa upya. Hatua hii huondoa mawasiliano yaliyokwama nusu njia, na haina madhara yoyote.

Mashine iliyotoka Marekani ikaguliwe adapta yake. Umeme wa majumbani nchini humo ni volti 120, ilhali wa Kenya ni volti 240. Adapta iliyoandikwa 100-240V inafaa kwa nchi zote mbili, na kinachohitajika ni kigeuzi cha plagi pekee. Iliyoandikwa 120V tu isichomekwe moja kwa moja katika soketi ya Kenya, kwani itaungua. Hata kwa adapta inayofaa, kigeuzi kilicholegea huweza kukata umeme kwa nukta moja, na mashine hupoteza mawasiliano kila mara hilo linapotokea.

Mawimbi na umbali

Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya takriban gigahezi 2.4. Katika mfumo wake wa asili, eneo hilo hugawanywa katika mikondo 79, na vifaa vilivyoungana huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa usumbufu. Hata hivyo, eneo hilohilo hutumiwa na rauta nyingi za Wi-Fi, na tanuri za mikrowevu huvujisha mawimbi ya kiwango hicho zinapopasha chakula. Nyumba yenye vifaa hivyo vyote katika chumba kimoja ni kama soko ambamo wote wanapaza sauti kwa pamoja.

Watengenezaji wa Cricut hupendekeza kwamba umbali kati ya mashine na kifaa usizidi mita 3 hadi 4.5. Ukuta wa mawe, kabati la chuma na hata mwili wa binadamu hupunguza nguvu ya mawimbi. Kwa hiyo mashine na tarakilishi ziwekwe meza moja, rauta isogezwe mbali, na mikrowevu isitumike wakati mashine inakata.

Chanzo kingine ambacho wengi hawakifikirii ni diski au kidude kilichochomekwa katika tundu la USB 3.0. Kampuni ya Intel ilieleza mwaka wa 2012 kwamba vifaa vya aina hiyo hutoa kelele ya redio inayoathiri eneo la gigahezi 2.4. Kukichomoa kifaa hicho, au kukihamishia upande wa pili wa tarakilishi, kwaweza kurejesha mawasiliano.

Ruhusa katika simu

Simu za kisasa haziruhusu programu kutumia Bluetooth bila idhini ya mwenyewe. Katika simu za Android, kuanzia toleo la 6 hadi la 11, programu haikuweza kutafuta vifaa vya Bluetooth vilivyo jirani mpaka ipewe ruhusa ya kujua mahali simu ilipo. Wengi waliikataa ruhusa hiyo kwa hofu ya kufuatiliwa, wakashangaa kwa nini mashine haionekani. Tangu toleo la 12, la mwaka wa 2021, ipo ruhusa ya pekee ya kutafuta vifaa vilivyo karibu. Simu za iPhone nazo zilianza kuomba ruhusa ya Bluetooth kwa kila programu kuanzia toleo la iOS 13 la mwaka wa 2019.

Aliyebonyeza kukataa siku ya kwanza huenda asiulizwe tena. Lazima afungue mipangilio ya simu, atafute jina la programu ya kukatia, na kuwasha ruhusa hizo mwenyewe. Katika simu ya Android ya matoleo ya zamani, huduma ya kuonyesha mahali simu ilipo nayo iwashwe.

Mashine iliyoshikwa na kifaa kingine

Mashine inaweza kukumbuka simu na tarakilishi kadhaa, lakini hupokea amri kutoka kifaa kimoja kwa wakati. Katika nyumba ambamo mama hutumia tarakilishi na binti yake hutumia simu, mara nyingine simu ya binti huishika mashine bila yeye kujua, hata akiwa chumba cha pili. Dawa yake ni kuzima Bluetooth katika vifaa vyote isipokuwa kile kinachotumika.

Likiendelea tatizo, jina la mashine lifutwe katika orodha ya Bluetooth ya tarakilishi, kisha mashine itafutwe upya kana kwamba ndiyo siku ya kwanza. Tarakilishi ikiomba nambari ya siri kwa mashine ya Cricut, nambari hiyo ni 0000. Katika baadhi ya tarakilishi za Windows, mashine hujitokeza kwa jina la kifaa cha sauti badala ya jina lake. Hilo lisimtie mtumiaji wasiwasi. Penye mashine zaidi ya moja, kibandiko kilicho chini ya kila mashine husaidia kuzitofautisha.

Toleo la programu

Programu iliyopitwa na wakati huweza kushindwa kuzungumza na mashine, hasa baada ya mfumo wa simu au tarakilishi kupandishwa hadi toleo jipya. Programu ya kukatia isasishwe kwanza. Mashine nayo ina programu yake ya ndani, na kwa mashine kubwa za Cricut hiyo husasishwa kwa kutumia waya wa USB. Kazi hiyo ikishaanza, umeme usizimwe wala waya usichomolewe mpaka ikamilike. Panapotokea kukatika kwa stima mara kwa mara, ni busara kungoja saa ambayo umeme umetulia.

Tarakilishi za mkononi pia zina desturi ya kuzima Bluetooth ili kuhifadhi betri. Kuichomeka katika umeme na kuondoa mpango wa kuhifadhi nguvu huzuia jambo hilo.

Mashine za Wi-Fi

ScanNCut zenye uwezo wa kutumia mtandao huunganishwa na rauta badala ya kuunganishwa moja kwa moja na tarakilishi. Hapa maswali ni mengine. Je, neno la siri limeandikwa sawasawa, herufi kubwa kwa ndogo? Je, rauta inatoa mawimbi ya gigahezi 2.4? Rauta nyingi hutoa mitandao miwili, mmoja wa gigahezi 2.4 na mwingine wa gigahezi 5, na mashine isiyotumia huo wa pili haitauona hata ikiwekwa kando ya rauta. Aidha, aliyebadilisha rauta au neno la siri hulazimika kuiingiza mashine upya katika mtandao.

Mawasiliano yakikatika katikati ya kazi

Simu inapolala, inapopokea wito au inapoishiwa na chaji, mashine inaweza kusimama ikiwa imekata nusu ya mchoro. Mtumiaji asiharakishe kuutoa mkeka. Ukishatoka kwenye magurudumu, hauwezi kurudi mahali palepale, na mistari mipya haitalingana na ya awali. Kwanza aamshe simu, aisogeze karibu na kungoja kuona iwapo mashine itaendelea. Isipoendelea, atenganishe katika programu sehemu zilizokwisha kukatwa na zilizosalia, kisha azikate zilizosalia kwenye karatasi nyingine.

Wakati wa kutafuta msaada

Mashine ambayo imekataa waya mbili tofauti, tarakilishi mbili tofauti na simu mbili tofauti, huku taa yake ikiwaka, ndiyo inayostahili kupelekwa kwa fundi au kuulizwa kwa mtengenezaji. Kabla ya kuwasiliana nao, mwenyewe aandike jina kamili la mashine, nambari yake, aina ya simu au tarakilishi, toleo la mfumo na maneno yaliyoonekana kwenye kioo. Aorodheshe pia hatua alizokwisha kuchukua, ili asiambiwe azirudie zote.

Anayefanya biashara kwa mashine hizi ana sababu ya kuchukua tahadhari nyingine ndogo. Waya wa USB uliojaribiwa na kuthibitishwa uwekwe ndani ya droo ya meza ya kazi, na programu zisisasishwe usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Mteja wa Jumamosi hataki kusikia habari za mawimbi. Anataka kadi zake.