Kabla RAM Haijawa Tayari

Kompaila ya lugha ya C huamini mambo mawili bila kuuliza: kwamba RAM ipo, na kwamba kuna aliyekwisha kuipanga. Anayepaswa kuipanga ni femuweya inayowasha kompyuta, nayo siku hizi imeandikwa kwa C hiyo hiyo.

IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, mgongano huu haukuwepo. BIOS iliandikwa kwa asembli, na mwandishi alijua kila baiti inakaa wapi. Sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, ilipakiwa kwenye anwani 0x7C00, kisha prosesa ikaendelea kutoka hapo.

Mwaka 1999, huko Los Alamos, Ron Minnich alianzisha LinuxBIOS, ambayo leo inaitwa coreboot. Hapo ndipo mgongano ulipoonekana: C inahitaji staki, staki inahitaji RAM, na RAM haitumiki mpaka programu iiandae. Eric Biederman akaandika romcc, kompaila iliyohifadhi vigeu vyote ndani ya rejista za prosesa. Ilikuwa kazi ya kijanja kwelikweli, ila rejista ni chache. Baadaye kashe ya prosesa ikafanywa RAM ya muda, na kompaila za kawaida zikarudi kazini.

Hitilafu inayonivutia zaidi imo ndani ya U-Boot, programu nyingine ya kuwashia mashine. Programu hii hujihamisha ndani ya RAM, na orodha ya anwani za kurekebishwa wakati wa kuhama huwekwa, kwenye ARM, mahali pale pale patakapokuwa pa .bss, sehemu ya vigeu vinavyoanza na sifuri, ili kubana nafasi. Sasa mtu anaandika kigeu cha jumla na kukipa thamani ya sifuri. GCC inakitupa kwenye .bss, kama kawaida yake. Thamani mpya ikiandikwa humo kabla ya kuhama, inafuta sehemu ya ile orodha, na bodi inakwama mbali kabisa na mstari wenye kosa. Utasoma msimbo wako mchana kutwa usione kitu. Ramani ya linka, programu inayovipa vipande vya msimbo anwani zake, ndiyo itakayolifichua kosa. Dawa ni kukilazimisha kigeu kiende .data, au kukihamishia kwenye muundo wa global_data.

Mwaka 2012 ikaja GCC 4.7. Kwa prosesa za ARMv6 na kuendelea, ikaanza kusoma data kwenye anwani zisizolingana na ukubwa wake, jambo ambalo U-Boot ilikuwa imeiamuru prosesa ilihesabu kuwa kosa. Ikabidi kompaila izuiwe kwa -mno-unaligned-access. Nako kwenye GRUB, kipakiaji cha mifumo ya uendeshaji, linka zilipoanza kubandika kitambulisho cha build-id kwenye anwani ya mbali, objcopy, zana ya kubadili umbo la faili, ilijaza pengo lote la katikati, na faili la sekta ya kwanza, la baiti 512, likavimba kupita kiasi.

SeaBIOS, BIOS huria ya PC, haikusubiri linka iamue. Msimbo wake hukompailiwa mara tatu, mara moja kwa biti 16 na mara mbili kwa biti 32, kisha hati ya Python iitwayo layoutrom.py huipangia kila sehemu anwani yake.